Kona ya Tatu

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi,
nyuma ya kinu cha pamba kilichofungwa, njia ya Magu,
tumepanga magari kama watoto siku ya kwanza ya shule:
Subaru tatu zinazonguruma hata zikiwa zimezimwa,
Altezza ya Shija, milango ya rangi mbili,
na IST yangu, yenye makombo ya biskuti
pale kilipokuwa kiti cha mtoto.

Nilikitoa usiku, nikakiweka barazani.
Mume wangu hakuuliza. Alinishikia tochi tu.

Milembe anapita na kipande cha chaki.
Anapima upepo, anatikisa betri kama jino,
anatoa chupa, viatu, rozari iliyoning'inia kwenye kioo.
"Kitu kilicholegea ndicho kitakachokupiga."
Miaka kumi na minane aliendesha lori la minofu ya sangara,
Kirumba hadi Nairobi, barafu ikiyeyuka, saa ikimdai.
Hapigi kelele. Kelele anaziachia tairi.

Raundi ya kwanza nakanyaga kwa hasira.
Nafika konani na mwendo wa kukopa
nisioweza kuulipa:
breki katikati ya kona, usukani nimeukaba kama shingo ya mbuzi,
na pua ya gari inakwenda inakotaka yenyewe.
"Deni la breki hulipwa kwenye njia iliyonyooka," anasema.
Raundi ya pili nalipa mapema mno.
Shija ananipita akinipungia mkono.

Kona ya tatu ina pipa.
Jekundu, limejaa mchanga, halijamkosea mtu.
Nalitazama lisije likanipata.
Nalitazama kama nilivyoitazama nguzo ya umeme
pale Nyamhongolo, mwezi wa nne, mvua,
mtoto nyuma akiimba a, e, i,
na kadiri nilivyosema si huko, si huko,
ndivyo nilivyokwenda huko.

(Mtoto hakuumia. Watu husema hivyo haraka,
kana kwamba imeisha.)

Tunaligonga pipa. Taa moja, mchanga kidogo.
Milembe anajipangusa goti.
Haniambii pole. Ananishika kidevu
kama kinyozi anavyomshika mtoto,
anakigeuza kushoto, mbali,
kupita pipa, kupita matete,
mpaka kwenye tairi lililopakwa chokaa mwisho wa kona
na kipande cha ziwa nyuma yake.
"Dereva ni jicho. Mikono ni utingo."

Raundi ya sita, au ya saba, sikuhesabu tena:
wadudu wa ziwani wamepanda kutoka majini, wingu zima,
wanapasukia kioo, waipa inawapaka kama siagi.
Nimebakiwa na uwazi wa kiganja kimoja.
Breki, mapema, bila hofu. Uzito unakuja mbele,
nausikia kiunoni. Aliyewahi kubeba ndoo kichwani
anajua: maji hayapendi kushtuliwa.
Naachia polepole,
kama anayechomoa mkono
chini ya shingo ya mtoto aliyelala.
Tairi jeupe. Tairi jeupe. Gari linazunguka.
Pipa limepita mahali fulani.
Mafuta.

Hapakuwa na kombe. Tulikula sato na ugali
juu ya boneti zilizokuwa bado na moto,
Shija akasema tairi zangu zimeota ndevu.
Kwenye daftari langu Milembe aliandika neno moja:
Bado.

Nikarudi kwa hamsini, trafiki wa Kisesa
akiinusa gari yangu na kukosa kosa.
Nyamhongolo nguzo ni mpya, ya zege.
Hapo hapo bodaboda ikachomoza na gunia la mkaa.
Sikuitazama bodaboda.
Nilitazama nafasi iliyoniachia.

Barazani kiti kilikuwa palepale,
paka amelala ndani yake, mkanda umemlalia mgongoni.
Sikumwamsha.
Nilikaa kwenye ngazi
nikisubiri viganja viache kutetemeka.